Pakiti moja ya diklo, mguu wa kaka na magoti ya mama

Habari ya kazi daktari,

Naandika kutoka Arua, niko na shida nyumbani na sijui tena nimsikilize nani. Mdogo wangu wa kiume ni mtu wa boda, huu ni mwezi wa tano tangu agongwe na gari kwenye njia ya kwenda Vurra, akavunjika muundi wa mguu wa kushoto. Walimfunga plasta kutoka juu ya goti mpaka kwenye vidole, baadaye wakabadilisha wakaweka fupi, na juzi wamepiga eksirei tena wakasema mfupa bado haujashika, ule mstari mweusi bado unaonekana. Yeye maumivu yamemchosha kabisa, kila siku anameza diklo (diklofenaki, dawa ya maumivu), asubuhi na usiku na siku zingine hata mchana, na anazitoa kwenye pakiti ya mama.

Mama yetu naye ni magoti. Ana miaka sitini na kitu, amelima maisha yake yote, sasa goti la kulia limevimba na akiinuka asubuhi lazima ashike ukuta kwanza. Pia ni mtu wa presha, anakunywa dawa zake kila siku. Kuna kliniki moja hapa mtaani akizidiwa wanamchoma sindano, ukiuliza ni sindano gani wanakwambia tu ni ya maumivu.

Sasa wiki iliyopita jirani yetu ambaye ni nesi alikuja kusalimia akaiona pakiti mezani, akashtuka, akasema kijana aliyevunjika mfupa hiyo dawa asiiguse kabisa kwa sababu inazuia mfupa kuunga. Mdogo wangu akakasirika, eti wanataka afe na maumivu. Mama aliposikia akasema kumbe hata mifupa yake yeye inaliwa na dawa, akaacha siku hiyohiyo, na kesho yake hata kwenda choo tulimshika mkono. Halafu mjomba anasema plasta itolewe, kijana apelekwe kijijini kwa mzee anayefunga mifupa akandwe na mafuta.

Naomba unisaidie. Nesi alisema kweli? Na kama ni kweli mbona dawa hiyohiyo inamsaidia mama? Nani aache na nani aendelee? Usinijibu kwa kifupi tafadhali, nataka nielewe mwenyewe ili niweze kuwaeleza hawa watu.

Dada wa wagonjwa wawili, Arua

*

Dada yangu, pole sana, na hongera kwa kuuliza, maana wengi wanaona dawa ni dawa, maumivu ni maumivu, pakiti moja inazunguka nyumba nzima kuanzia bibi mpaka mtoto wa shule.

Nesi wenu hakutunga. Lakini maneno yake yanahitaji maelezo, kwa sababu yakichukuliwa hivyohivyo yanafanya kile kilichotokea kwenu: mmoja amekasirika, mwingine amelala kitandani.

Tuanze na mfupa. Mfupa ukivunjika mishipa midogo ya damu inakatika, damu inaganda pale kwenye ufa, na ndani ya muda mfupi seli za pale zinaanza kutengeneza kwa wingi kimeng'enya (enzaimu, protini inayoendesha kazi za kikemia mwilini) kinachoitwa COX-2. Kiko na ndugu yake COX-1. Wote wawili kazi yao ni kuchukua aina fulani ya mafuta yaliyoko kwenye utando wa seli, yanaitwa asidi arakidoniki, na kuanza kuyageuza kuwa prostaglandini, yaani kemikali zinazopeleka ujumbe pale pale zilipotengenezwa. Tofauti yao ni hii, COX-1 yuko kazini siku zote, analinda ngozi ya ndani ya tumbo, anasaidia figo, anasaidia damu kuganda ukijikata. COX-2 sehemu nyingi za mwili huwa ametulia mpaka kitu kiumie, hapo ndio anaamka kwa nguvu.

Na prostaglandini hizo, hasa ile moja inaitwa PGE2, ndizo zinaleta kile mdogo wako anakilalamikia. Zinafungua mishipa ya damu, sehemu inavimba na kupata joto, zinafanya neva ziwe kali hata mguso mdogo unauma. Ndio maana ukimeza diklo unapata nafuu, diklo inakwenda kumzuia COX asitengeneze prostaglandini. Hilo tumelijua tangu 1971, Mwingereza John Vane alipoonyesha kwamba hata aspirini ya zamani ilikuwa inafanya kazi hiyo hiyo, na mwaka 1982 akashiriki Tuzo ya Nobel na Waswidi wawili, Sune Bergström na Bengt Samuelsson, waliozichambua hizo prostaglandini zenyewe.

Sasa sikiliza hapa, kwa sababu ndio moyo wa swali lako. PGE2 hailetei maumivu tu. Hiyo hiyo inaziambia seli changa zilizoko kwenye ufa zigeuke kuwa seli za kujenga mfupa. Ni kama nyapara kwenye site ya ujenzi, kelele zake zinachosha mtaa mzima lakini ukimfukuza mafundi wanakaa chini. Kwanza pale kwenye ufa panajengwa daraja laini la gegedu (kama ile tishu laini ya sikioni na puani), halafu gegedu hilo linabadilishwa polepole kuwa mfupa mgumu, na safari ile ya kutoka gegedu kwenda mfupa inamhitaji COX-2.

Mwaka 2002 vikundi viwili vya watafiti Marekani vilifanya kazi na panya, kila kikundi kivyake. Walichukua panya waliozaliwa bila jeni ya COX-2 wakawavunja mfupa wa mguu, na wengine waliozaliwa bila COX-1. Wale wasio na COX-1 waliunga kama kawaida. Wasio na COX-2 walikwama, gegedu likabaki gegedu, mfupa mgumu ukachelewa au haukuja. Kikundi kimoja kiliwapa panya wazima dawa zinazomlenga COX-2 peke yake, selekoksibu na rofekoksibu, na mifupa yao pia ikashindwa kuunga vizuri.

Utasema hao ni panya. Sawa. Kuna dawa ndugu wa diklo inaitwa indomethasini, na madaktari wa mifupa huwa wanaitoa makusudi baada ya upasuaji wa nyonga ili mfupa USIOTE ndani ya misuli mahali ambapo hautakiwi. Yaani wanaitumia kuzuia mfupa! Mwaka 2003 ukatoka utafiti wa wagonjwa waliovunjika tundu la nyonga na wakati huohuo wamevunjika na mifupa mirefu sehemu nyingine. Kati ya waliopewa indomethasini asilimia 26 mifupa yao mirefu haikuunga, kati ya ambao hawakupewa ni asilimia 7. Mi nikisoma namba kama hizo siwezi kumwambia kijana mwenye muundi uliokataa kushika aendelee kumeza diklo mara tatu kwa siku mwezi wa tano.

Lakini haki itendeke pia, kwa sababu sitaki mumkalie kijana kichwani kwamba alijiharibu mwenyewe. Mambo ya binadamu hayajanyooka kama ya panya. Kuna watafiti waliangalia rekodi za wazee wengi Marekani waliovunjika mfupa wa juu wa mkono, wakakuta kweli waliokuwa wanameza dawa za jamii ya diklo miezi miwili mitatu baada ya ajali ndio mara nyingi mifupa haikuunga, ila wakakuta hata waliokuwa wanameza dawa za jamii ya mofini walikuwa hivyohivyo, na dawa hizo COX hazimgusi. Maana yake nini? Mfupa usiounga unauma, na mtu anayeumwa anameza dawa. Kwa hiyo inawezekana kabisa mdogo wako anameza diklo nyingi KWA SABABU mfupa umekataa, siyo kwamba mfupa umekataa kwa sababu ya diklo peke yake, na yote mawili yanaweza kuwa yanaendelea kwa pamoja. Ndio maana madaktari wengi hawaogopi siku chache za mwanzo, wanachoogopa ni wiki na miezi. Na jambo la kutia moyo, kwenye panya waliopewa dawa hizi kwa muda mfupi kisha wakaachishwa, prostaglandini zilirudi na uungaji ukaendelea.

Kwa hiyo kwa kijana, diklo iachwe, na ibuprofeni pia, maana wengine wakinyimwa diklo wanahamia ibuprofeni wakidhani ni kitu kingine, ni jamii moja. Badala yake ameze parasetamoli, kwa mtu mzima vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya masaa sita, asipite gramu nne kwa siku, na kama ni mtu wa waragi au pombe nyingine asianze kabla hajaongea na daktari kuhusu kipimo kwa sababu ya ini. Isipotosha asivumilie kimyakimya, kuna dawa zingine kali zaidi ambazo hazimgusi COX, ila hizo ni za kuandikiwa na daktari, siyo za kununua dirishani. Mwambie hakuna anayetaka afe na maumivu. Kuumwa usiku kucha nako kunamchosha mgonjwa.

Lakini dada, kubadilisha kidonge peke yake hakutoshi, na hapa naomba uwe mkali. Muundi ni mfupa mgumu kuunga, mbele umefunikwa na ngozi tu, hauna nyama nyingi ya kuuletea damu. Hata kwa mtu mwenye afya unachukua miezi mitatu minne hivi, na ukivunjika vibaya au ngozi ikifunguka unazidi hapo. Mwezi wa tano na mstari bado mweusi ni wakati wa kurudi kwa daktari wa mifupa mwenyewe, siyo kwa anayebadilisha plasta tu. Arua mna hospitali ya rufaa, anzeni hapo, na wakiona anahitaji upasuaji ambao hapo haufanyiki waulizeni kuhusu CoRSU iliyoko Kisubi njia ya Entebbe, wale kazi yao kubwa ni mifupa na viungo. Najua kutoka Arua ni kama kilomita 500 na nauli siyo mchezo, lakini kijana wa boda akibaki na mguu unaocheza katikati ya muundi atapoteza zaidi ya nauli.

Aende na eksirei zote, ya siku ya ajali, ya katikati na ya juzi, zipangwe kwa tarehe, pamoja na kile kitabu cha shule mnachoandikiwa hospitali. Daktari haangalii picha moja, anataka kuona kama kati ya ile ya zamani na hii mpya kuna mfupa mchanga umeongezeka pembeni ya ufa au hakuna. Muulizeni: mfupa umetulia au bado unacheza ndani ya plasta? Kuna dalili ya usaha ndani? Apimwe sukari. Na mwambieni daktari ukweli kuhusu sigara kama anavuta, maana sigara inabana mishipa ya damu na inachelewesha mfupa, mi naiogopa kuliko diklo. Chakula pia, asile muhogo mtupu, ale mukene (dagaa) na mifupa yake, maharage, simsim, mayai yakipatikana.

Kuhusu mjomba. Namheshimu, na wazee wanaofunga mifupa wamesaidia watu pale ambapo hospitali ilikuwa mbali. Ila kukanda ufa ambao bado ni laini ni kulivunja lile daraja la gegedu kila siku, na kufunga miti kwa kukaza sana nimeona kunakata damu mpaka vidole vinakufa. Mwambie mjomba kwa adabu, mzee anaweza kuja kumwombea kijana na kukaa naye, lakini mkono wake usiende pale kwenye muundi. Na hata kwenye plasta, vidole vikiwa vya baridi, vikifa ganzi au vikibadilika rangi ni kukimbia hospitali hapohapo.

Sasa mama. Mwambie mifupa yake hailiwi na diklo namna alivyoelewa. Kwake hakuna ufa unaosubiri kuunga. Kwa umri wake, na kulima alikolima, kinachofanana zaidi na maelezo yako ni goti lililochakaa, lile gegedu laini la kwenye kiungo limeisha polepole. Pale ndani COX-2 ameamka pia, kwenye gegedu lenyewe na kwenye ngozi inayozunguka kiungo, anatoa PGE2 ileile, lakini huku hakuna kinachojengwa cha maana, inauma, inavimbisha, na inachangia kuamsha vimeng'enya vingine vinavyotafuna gegedu lililobaki. Ndio sababu dawa ileile kwa mdogo wako wa boda ni tatizo na kwa mama ni nafuu. Kimeng'enya ni kilekile, mahali ndio pametofautiana.

Ila nafuu siyo matibabu. Diklo inanyamazisha goti, hairudishi gegedu. Na kwa mtu wa presha ina hatari zake, mi hapa ndio wasiwasi wangu mkubwa kwenye barua yako yote, kuliko hata muundi. Diklo inapandisha presha na inazifanya baadhi ya dawa za presha zipungue nguvu. Na kama kati ya vidonge vyake kuna ya kukojoa na nyingine ambayo jina linaishia na "pril" au "sartan", ukiongeza diklo juu yake figo zinabanwa pande tatu. Halafu moyo. Ile rofekoksibu niliyoitaja iliingia sokoni 1999 kwa furaha kubwa kwa sababu ilimwacha COX-1 wa tumbo kwa amani, ikatolewa sokoni 2004 baada ya kuonekana inaongeza mshtuko wa moyo na kiharusi. Diklo watu wanaiona ya kawaida kwa sababu ni rahisi na iko kila duka, lakini kati ya zile za zamani ndiyo mojawapo inayoelemea upande wa COX-2, na hatari hiyo ya moyo inayo.

Kwa hiyo na mama pia asirudi kwenye vidonge kabla hajapimwa presha na figo na daktari kuangalia dawa zake zote mezani kwa pamoja. Ili asikae na maumivu wakati anasubiri, muulizeni mfamasia diklo ya kupaka, ile jeli, inapakwa kwenye goti lenyewe na kinachoingia kwenye damu ni kidogo sana ukilinganisha na kidonge, goti kwa bahati liko karibu na ngozi. Parasetamoli anaweza kuongeza.

Na kuna jambo ambalo halina gharama. Akae kwenye kiti kigumu, anyooshe mguu mmoja mpaka uwe sawa na paja, auache hewani ahesabu polepole mpaka tano, ateremshe, arudie mara kumi, kisha mguu wa pili, asubuhi na jioni. Misuli ya paja ikipata nguvu goti linabeba mzigo mdogo zaidi. Wiki ya kwanza atalalamika, ya tatu ya nne ndio atakwambia kitu. Fimbo ashike mkono wa KUSHOTO kwa kuwa goti bovu ni la kulia, wengi wanashika upande uleule wa goti bovu. Na kupalilia akichuchumaa aache, mtafutieni kiti kifupi au jembe la mpini mrefu.

Mchunguzeni kitu kimoja zaidi. Akiamka, ule ukakamavu unachukua muda gani kuisha? Ukipita saa nzima, na vidole vya mikono yote miwili vinavimba pia, hiyo inaweza kuwa baridi yabisi ya aina ile ambayo kinga ya mwili inashambulia viungo, na huko diklo inaficha tu wakati kiungo kinaendelea kuharibika, kuna dawa zake kama methotrekseti ambazo zinazuia ugonjwa wenyewe na inafaa zianze mapema.

Sindano ya kliniki, mama ana haki ya kujua jina lake, waandike kwenye kitabu chake kila wanapochoma. Inaweza kuwa diklo ileile juu ya ile anayomeza nyumbani, dozi mbili bila kujua, kidonge na sindano vyote vinahesabiwa kwenye miligramu 150 za siku. Au inaweza kuwa deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi, ambayo inakandamiza COX-2 kutokea juu kabisa, inaleta nafuu ya ajabu jioni hiyohiyo, lakini ikirudiwarudiwa inapandisha sukari na presha na inadhoofisha mifupa kweli. Wakikataa kutaja jina asichomwe.

Na kwa kuwa amekuwa kwenye vidonge hivi muda mrefu, angalieni choo chake wiki hizi. Kikiwa cheusi kama lami, au akitapika kitu kama damu, au miguu ikavimba na mkojo ukapungua, asisubiri siku ya kliniki, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo na pakiti ya diklo mkononi ili waone alikuwa anameza nini.